Gauni Lisilo Langu

"Saa kumi kamili uwe umeshapanda ngazi," msimamizi wetu wa chumba cha nguo aliniambia huku akinirudishia kadi yangu ya kutokea. "Meli si mama yako. Haimngoji mtu."

"Nakwenda kumsalimia rafiki wa zamani tu. Sitakaa."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. Nilikuwa nimejipaka wanja.

"Rafiki," akasema. "Haya, kamsalimie."

Ningemwambia nini? Kwamba nimejipaka wanja ili nikagombane? Kuna ugomvi ambao mtu huwezi kwenda nao ukiwa umechakaa. Nilitaka wanione nimenawiri, yeye na mke wake, niseme niliyokuja kusema, kisha niwageuzie mgongo.

Mimi ni fundi cherehani wa meli ya watalii, huu mwaka wa sita. Nakaa chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, nafupisha suruali za wahudumu na kubadilisha zipu za abiria walionenepa safarini. Bandari nyingi nazijua kwa honi tu. Hii ya leo nilikuwa naijua kwa miguu, maana ndiyo bandari ya mji niliokulia. Meli yetu haikuwahi kuingia hapa. Mwaka huu, kwenye safari ya mwisho kabla ya baridi kali, wakubwa wakaongeza vituo. Siku nilipousoma mji wetu kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, nilirudi mashineni nikashona mfuko wa suruali ya mhudumu mmoja ukazibika kabisa. Alirudi nayo akicheka. Mimi sikucheka.

Nilipanda barabara ya mawe nyuma ya duka la misumari. Miti ilikuwa inapukutisha majani, mengine yamelowa na kuganda njiani, na abiria wetu wamesimama kuyapiga picha kana kwamba kwao majani hayaanguki. Nilipita katikati yao bila kuomba radhi. Kila hatua nilikuwa narudia maneno yangu. Niliyaandaa vizuri. Yalikuwa machache na makali.

Duka lao la ushonaji lilikuwa palepale, na kengele yake ileile mlangoni. Ndani kulikuwa na ule mvuke wa pasi na vumbi la chaki. Mama yake alikuwa dirishani kwenye mashine ya matundu ya vifungo, amezeeka mikono tu. Yeye niliyemfuata alikuwa ameinama juu ya meza ya kukatia.

"Karibu," akasema bila kuinua kichwa.

"Ahsante. Nimekuja kuwasalimia."

Chaki ilisimama. Aliuweka mkono wake wote juu ya kitambaa, kama mtu anayezuia kisipeperuke, ndipo akanitazama. Nilikuwa nimeyaandaa maneno, lakini macho yake sikuwa nimejiandaa nayo. Yalikuwa yaleyale ambayo zamani, tukiwa wanafunzi wa mama yake, yalikuwa yakininyooshea mshono uliopinda bila kusema neno. Mji mzima ulimwita Fundi. Yeye akaniita Sindano, eti mimi mdogo lakini nikimgusa mtu lazima aruke.

"Sindano," akasema.

"Shikamoo mama," nikasema mimi, nikimruka yeye.

"Marahaba." Alijibu kama anayetema uzi. Mashine yake haikusimama.

"Sindano, umetokea wapi?" Fundi akauliza.

"Baharini. Mkeo yuko wapi?"

"Nani?"

"Usijifanye kiziwi. Mkeo. Mwite aje. Nina maneno matatu, sitaki kuyasema mara mbili."

Fundi aliweka chaki chini polepole. "Miaka sita," akasema. "Miaka sita hujaniandikia hata salamu. Nimezunguka ofisi za mawakala wa meli mpaka walinzi wakanichoka. Leo unaingia dukani kwangu unaniuliza mke? Mke gani?"

"Dada yangu!"

Akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri. "Unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa zamani, nikapona. Nilipona siku niliyoona picha." Nilitoa simu yangu nikamsogezea usoni. Picha ile ilinifikia kupitia jirani yetu wa zamani miaka minne iliyopita, bila maelezo. Dada yangu, aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki, amesimama peke yake na maua mkononi, anacheka meno yote nje, amevaa gauni jeupe. "Huyu nani? Na hili gauni nani alilishona? Au nalo hulijui?"

"Gauni nalijua."

"Ahaa!"

"Dada yako aliolewa na dereva wa gari la mikate," akasema, na sasa sauti yake ilianza kupanda. "Yule mfupi, mwenye sauti kubwa. Wana watoto wawili. Wa kwanza wa kike. Wamempa jina lako, Sindano. Jina lako! Na kila barua aliyokuandikia kupitia kwa mawakala hao kukueleza hayo ilirudi na muhuri wa meli."

Nilisikia maneno yale yakiingia moja moja, lakini hasira ya miaka sita haitoki kwa kufunguliwa mlango. Inataka kuvunja dirisha kwanza.

"Basi kama si wewe, ni yule dereva," nikasema. "Lakini ulianza wewe. Mimi si mtoto, Fundi. Niliwaona. Kila nikiingia mnanyamaza. Dada anatoka tanuri la mikate na unga kwenye nyusi, anapitia hapa, mnanong'ona, mnacheka. Nikiuliza, 'Aah, hamna kitu.' Halafu jioni moja natafuta kitambaa cha bitana, nafunua shuka kwenye lile sanamu la kuvalishia nguo, nakuta gauni la arusi."

"Lako."

"La nani?"

"Lako!" Alipiga meza, mkasi ukaruka. "Lako wewe! Nilikuwa nalishona usiku wewe ukishaondoka dukani. Dada yako alikuwa anakuja tupange siku ya kukuposa. Ulitaka tupangie kwenye kipaza sauti?"

"Usinidanganye mimi! Mdanganye mteja! Mimi nimefundishwa na mama yako huyu hapa. Nikilitazama gauni naona mwili ulioko ndani yake. Kifua arobaini. Kiuno thelathini na mbili. Mabega kumi na saba, ya mtu aliyebeba magunia ya unga tangu ujana wake. Mgongo mfupi. Huo mwili nimeushonea tangu nina miaka kumi na mbili, Fundi, naujua kama mkono wangu. Mimi mabega yangu kumi na nne. Ningeingia mle na mwenzangu!"

Alikuwa ananitazama mabegani. Akashuka kiunoni, akarudi mabegani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona fundi yule anapiga hesabu na hesabu inamkataa.

"Sikukupima," akasema taratibu.

"Najua hukunipima!"

"Ningekupimaje? Ningeivuta futi kiunoni kwako ungeniuliza ya nini. Ilitakiwa usijue." Aliishika futi ya kupimia iliyokuwa shingoni. "Nilipima koti lako."

"Koti lipi?"

"Lile la kijivu. Ulilitundika kwenye msumari pale, ukaenda kupeleka zile suruali za wahudumu wa hotelini. Nikalishusha, nikalipima haraka haraka. Nikasema, huyu anavaa sweta mbili ndani, nikapunguza kidogo."

"Siku gani?"

"Siku ile baridi ilipoanza. Mvua ilinyesha usiku, majani yakajaa mlangoni, tukafagia wote."

Nilikuwa naikumbuka asubuhi ile. Dada alinunua makoti mawili, kitambaa kimoja, rangi moja, kwa kuwa mwenye duka alimpunguzia bei akichukua yote. Yalikaa nyuma ya mlango pamoja. Asubuhi ile nilikuwa nimechelewa. Nikanyakua moja nikatoka mbio, na njiani nikaona mikono inanizidi, nikaikunja.

"Lilikuwa la dada," nikasema.

"Nini?"

"Koti. Siku ile nilivaa koti la dada."

Ile mashine ya dirishani tu ndiyo ilikuwa inaendelea, tututu, tututu. Fundi aliketi juu ya kiti cha wateja kama mtu aliyekatwa miguu.

"Cha kuazima hakisitiri matako," akasema hatimaye, akakicheka kile kicheko chake kibaya.

"Wewe fundi gani?" Nilikuwa nalia na kufoka kwa pamoja, wanja unateremka, urembo wangu wote umekwisha. "Fundi gani anaona kiuno thelathini na mbili anasema hiki cha Sindano? Ulinidhania pipa?"

"Ningejuaje kiuno ambacho hata siku moja sikukishika?" Naye alikuwa amesimama tena, anafoka. "Nilikuwa nakuheshimu, mwanamke! Nilikuwa natazama macho yako, sikuwa natazama kiuno! Na wewe je? Unaona gauni litakupwaya, unapanda meli? Mtu akikosea inchi unamwambia, 'Fundi, umekosea.' Maneno mawili! Ungeyasema, tungecheka, ningelipunguza, tungekuwa na mtoto wa miaka mitano!"

Hilo la mtoto lilinipiga mahali nisipopategemea. Niligeuza uso. Ndipo akasema, kwa sauti nyingine kabisa, ya chini:

"Lakini subiri."

Hakuwa anasema na mimi.

"Mama. Dada mtu alipokuja kuolewa, mimi sikutaka kuliona lile gauni. Nilikupa wewe umpelekee. Nikakwambia umfanyie marekebisho. Ulilipanua?"

Mashine ikasimama.

Mama yake alikata uzi, akakagua tundu la kifungo kwenye mwanga, akaliweka koti pembeni. Mwanamke yule hakuwahi kufanya jambo kwa haraka.

"Sikugusa hata uzi," akasema. "Lilimkaa kama ngozi."

"Na hukushangaa?"

"Nishangae nini? Niliona tangu kitambaa kiko mezani. Unakata mabega ya muuza mikate, unasema ni ya huyu. Nikasema moyoni, mapenzi yamempofusha mtoto, hata kukata hajui tena."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Mama!"

"Hukuniuliza!" Na yeye sasa aliinua sauti. "Uliniambia unaoa. Hukuniuliza. Mimi nimekulea peke yangu juu ya mashine hii, ukanifuata na msichana asiye na mbele wala nyuma, hana baba, hana mama, kwao ni chumba kimoja nyuma ya tanuri. Nikasema, sawa, siku ya kulijaribu litampwaya, ataaibika, utaona mwenyewe kuwa jambo halina heri. Nilitaka hilo tu. Lingeishia hapo."

"Lakini halikuishia hapo," nikasema. "Uliniona. Jioni ile uliniona nikilifunua."

Hakunikwepa. Alinitazama moja kwa moja. Kwa hilo namsifu.

"Nilikuona. Ulibadilika rangi. Nikajua unawaza nini. Nilikuwa na uzi mdomoni. Nikautoa, nikautunga, nikaendelea kushona."

Sikuwahi kusikia kitu kikatili kama hicho kikisemwa kwa upole namna ile. Nilitaka kumrukia. Fundi alinitangulia, lakini hakumrukia. Alikwenda mpaka dirishani, akachomoa waya wa mashine ukutani, akauzungushia kwenye mkono wake, akabaki ameushika.

"Miaka sita unanipakulia chakula," akasema. "Kila siku unaniuliza, 'Mwanangu, mbona huli?' Na ulikuwa unajua kwa nini sili."

"Nilidhani utasahau. Wanaume husahau."

"Nani kakwambia?"

Mama yake aliliokota lile koti la pembeni, akalikunja, akalikunjua. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Lakini sikuwa na huruma ya kumpa, siku hiyo mfuko wangu wa huruma ulikuwa mtupu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Kutoka pale hadi bandarini ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye viatu vya maana, na mimi nilikuwa nimevaa vya kugombania.

"Meli yangu inaondoka," nikasema.

Nilimtazama Fundi. Ngoja niseme ukweli: nilikuwa nataka neno. Neno lolote. Angesema "kaa", sijui ningefanya nini na mkataba wangu, na nguo zangu zilizoko kule chini, na chochote kile. Lakini alikuwa amesimama na waya mkononi, taya limekaza, na jicho alilonitupia lilikuwa na moto uleule aliomwashia mama yake.

"Nenda," akasema. "Usije ukakosa meli ukanihesabia na hilo."

"Ndivyo unavyoniambia?"

"Nikuambieje? Yeye alinyamaza, wewe ulikimbia. Yeye mama yangu hakutaka nikuoe, ana sababu yake, mbaya, lakini anayo. Wewe ulikuwa na sababu gani ya kutoniuliza? Ulinipenda, Sindano, au ulikuwa unangoja kosa?"

Nilitoka nikaubamiza mlango mpaka kengele ikaanguka.

Niliteremka ile barabara nikitukana kwa sauti. Nilimtukana yeye, nikamtukana mama yake, nikalitukana koti. Upepo ulikuwa unaninyang'anya pumzi. Nilipofika duka la misumari, nikaanza kujitukana mimi mwenyewe, na hapo ndipo nilipokaza sauti, kwa sababu hayo ndiyo matusi pekee yaliyokuwa na haki. Kila barua ya dada niliyoirudisha niliirudisha kwa mkono wangu, huu huu. Nilikuwa naandika "hayupo". Mtoto ana jina langu. Mtoto mzima, anaitikia, anakimbia, na mimi naandika hayupo.

Lango la bandari lilikuwa linaonekana, na meli nyuma yake, ndefu kama mtaa, ndipo niliposikia viatu vinakuja mbio nyuma yangu.

"Sijamaliza na wewe!"

Nikageuka. Hakuwa na koti. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, inapepea. Abiria wawili wazee walisogea ukutani kumpisha.

"Nimechelewa!" nikafoka.

"Mimi ndiye niliyechelewa! Miaka sita!" Aliinama, mikono magotini, akivuta pumzi. "Unatembea kama umeiba. Mkataba wako unaisha lini?"

"Unataka kujua ya nini? Si umeniambia niende?"

"Nimekwambia uende. Sijakwambia upotee. Unaisha lini?"

"Wiki saba."

"Halafu?"

"Halafu sina pa kwenda. Nasaini mwingine. Ndivyo nilivyo, sina mbele wala nyuma, muulize mama yako."

"Usinijibu kwa mdomo wa mama yangu. Mama yangu ni ugomvi wangu, nimeuanza leo na nitaumaliza mwenyewe. Ukiisha mkataba unakuja hapa. Unashuka na mizigo yako yote. Unakwenda kwa dada yako kwanza, kwanza, unasikia? Atakupiga makofi. Mimi nitakuwa nje na mume wake, hatutaingilia. Ukitoka hapo ndipo uje kwangu, maana na mimi nina yangu ya miaka sita, na sijakugombeza hata robo."

"Na kama na mimi nina yangu?"

"Njoo nayo!"

"Sijasema nakuja."

"Sijakuomba. Nikikuomba utajua nakuomba."

Tulikuwa tumefika langoni. Mlinzi, mwanamke mnene mwenye kofia iliyombana, alikuwa anatutazama kama mtu aliyeletewa mchezo kazini. Nilimpa kadi yangu. Ilikuwa imebaki dakika sita. Fundi hakuruhusiwa kupita, basi akashika nondo za uzio, vidole vimekuwa vyeupe kwa baridi, akaendelea kufoka kutoka upande wa pili.

"Na uandike! Barua! Usiniletee huko kunyamaza kwako!"

"Nitaandika nikitaka!"

"Na umjibu dada yako leo! Leo hii, kabla hujala!"

"Nimesikia! Mimi si kiziwi kama wewe!"

Mlinzi aliigeuza kadi yangu, akaisogeza machoni, akanitazama, akamtazama yule mwanamume anayetetemeka kwenye uzio bila koti.

"Dada," akaniuliza, "huyu anakusumbua? Nimwite mwenzangu? Ni nani wako?"

Nilifungua kinywa. Rafiki wa zamani, ndivyo nilivyoandika asubuhi kwenye daftari la kutokea. Lakini kabla sijapata sauti, yeye akajibu, kwa nguvu, hata mabaharia waliokuwa wanafungua kamba wakageuka.

"Mchumba wake! Tumenuniana tu!"

Mlinzi alinirudishia kadi. Alikuwa anangoja nimwambie kama ni kweli. Na mimi, ambaye siku nzima nilikuwa na jibu la kila neno la mwanamume yule, nilifuta wanja shavuni kwa kiganja, nikapanda ngazi, na neno hilo sikulikana.